Chafya ya Moyoni

Hapo zamani za kale, kabla sijazaliwa mimi wa kuwasimulia, sembuse ninyi, wanyama walikuwa na kijiji chao. Walijenga nyumba, walilima, waligombania mipaka ya mashamba na kualikana harusini kama tufanyavyo sisi. Usiniulize kijiji kilikuwa wapi. Kaa vizuri, acha kuchokonoa mkeka wa watu, usikilize.

Chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi. Wakishavuna walianika, wakapukuchua, wakayatia kwenye kihenge. Kihenge mnakijua? Ni ghala la fito lililokandikwa udongo, na juu lina kifuniko cha nyasi. Kila nyumba ilikuwa na chake.

Na adui wa kihenge ni fukusi. Kidudu kidogo cheusi, hata kelele hakina. Kinatoboa punje, kinaingia, kinakula, kinazaa humo humo. Mwenye nyumba anakuja kufungua kihenge siku ya njaa, anakuta vumbi na maganda. Hapo ndipo utakapomsikia mtu mzima akilia.

Basi kijiji kilikuwa na mganga wa kuzindika vihenge, yaani kuvikinga fukusi wasiingie. Mganga huyo alikuwa Kiboko.

Lo, uganga wa Kiboko ulikuwa na mambo! Alirithi kwa baba yake, na baba yake alirithi kwa babu yake. Kwanza alikizunguka kihenge kinyumenyume. Hebu mfikirie Kiboko akienda kinyumenyume! Ua la jirani, kra, chini. Kisha alijaza maji mdomoni akayatema ukutani, pfuuu! Kisha akaimba:

*Fukusi, fukusi, huna mjomba hapa!*
*Fukusi, fukusi, rudi ulikotoka!*

Muda wote huo mwenye nyumba alisimama kwa mguu mmoja. Wimbo ukiisha, Kiboko alichota jivu la magunzi kwenye chungu chake, akalimwaga juu ya mahindi na kukoroga. Puu! Puu! Jivu likatimka likamwingia kila mtu puani, na mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: asipige mtu chafya.

Mwisho kabisa ilikuja kazi ya kuonja. Kiboko alisema mganga lazima aonje, ajue kama dawa imekolea. Alipanua ule mdomo wake, na mdomo wa Kiboko mnaujua. Kikapu kizima, kubwi! Akafumba macho, akatafuna.

"Mmh," anasema. "Ladha sijaipata vizuri. Nitilie mengine kidogo nikaonje nyumbani, nikiwa nimetulia."

Na kidogo hicho kilikuwa kikapu kingine, kikaishia kwenye kihenge chake mwenyewe, kihenge kikubwa kuliko vyote kijijini.

Mara nyingine fukusi waliingia vilevile. Mwenye nyumba akimfuata Mganga kulalamika, Kiboko alimtazama kwa huruma. "Ulipiga chafya."

"Sikupiga, Mganga! Nilibana pua mpaka machozi yakanitoka!"

"Basi ulipiga moyoni."

Haya, wewe mwenye akili, niambie: utaonyeshaje kwamba hukupiga chafya moyoni? Mtu alirudi kwake ameinamisha kichwa, na njaa yake mwenyewe.

Jumbe wa kijiji alikuwa Nyati. Nyati alikuwa na pembe nene na hasira za karibu, na neno alilolichukia kupita yote lilikuwa "kwa nini". Kila asubuhi aliwakusanya watoto wote akawakaririsha wimbo wa Kiboko. Sasa sikilizeni. Zamani sana, babu yake Kiboko alikuwa akiimba wimbo ule akapaliwa, akakohoa baada ya neno "mjomba". Basi watoto wote wa kijiji walipofika hapo walikohoa. Khoo, khoo! Asiyekohoa alikula fimbo.

"Jumbe, kwa nini tunakohoa?" mtoto mmoja aliwahi kuuliza.

"Hapa hatuulizi kwa nini!" Nyati alinguruma. "Tumekariri na tutakariri!"

Kijijini hapo aliishi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene kidogo, hana mkia hata wa kusingizia. Nyumba yake ilikuwa juu kwenye majabali. Watu walimwita Mama Siwema, kwa jina la binti yake mkubwa. Mumewe alikuwa amekufa, na Siwema alikuwa na wadogo zake, na wa mwisho kabisa alikuwa Kombo, mtoto mwenye kelele kuliko kimo chake.

Mwaka ule mvua zilikuja zikachungulia, zikaondoka. Wenye mashamba makubwa walivuna nusu. Pimbi alivuna mahindi kidogo, kidogo ya kutia huruma. Kiboko akionja mara moja tu, kwisha. Hakibaki hata cha kunasa kwenye meno.

"Mama, tumwite Mganga?" Siwema aliuliza.

"Tukimwita, tutakula nini mpaka mvua nyingine?"

"Basi tusimwite."

"Na fukusi wakija, tutakula nini?"

"Sasa tufanyeje?"

"Tufikiri."

"Tukishafikiri tutakula?" aliuliza Kombo.

"Kombo, nyamaza nifikiri."

Pimbi alifikiri, lakini mama anayewaza chakula cha watoto hafikiri kwa raha. Alipoona kichwa kinazunguka pale pale, aliacha mahindi yaendelee kukauka jabalini, akateremka kwenda kwa shoga yake Twiga.

Alimkuta Twiga ameketi kando ya kihenge chake cha mwaka uliopita, analia. Kihenge kizima kilikuwa vumbi.

"Pole, shoga yangu. Kumetokea nini?"

"Nilipiga chafya moyoni."

"Ulipiga kweli?"

"Mganga ndiye aliyesema."

"Wewe uliisikia?"

"Mama Siwema, hebu itazame shingo hii! Moyo wangu uko kule, masikio yako huku. Nitasikiaje?"

Pimbi alijizuia kucheka. Aliketi karibu yake, akaanza kumuuliza taratibu, swali moja baada ya jingine.

"Siku ile Mganga alizunguka kinyumenyume?"

"Alizunguka. Ua langu ndilo lile, limelala."

"Alitema maji?"

"Nililowa mpaka magotini."

"Aliimba?"

"Aliimba, na akakohoa vizuri kabisa."

"Na wewe ulisimama kwa mguu mmoja?"

"Nilisimama mpaka nikaona mawingu mawili mawili."

"Na jivu?"

Twiga alisita. "Jivu... siku ile alikuja jioni, nyumba yangu ilikuwa ya mwisho. Chungu kilikuwa kimekwisha. Alikwangua, kwaru, kwaru, akapata konzi moja. Akasema yatosha, uganga si wingi."

"Na wale aliowazindikia asubuhi, chungu kikiwa kimejaa? Fukusi waliwaingilia?"

"Hapana. Wao mioyo yao haina mafua."

Pimbi akasema, "Shoga, naomba unisaidie kitu."

"Omba tu, ila si mahindi."

"Naomba fukusi."

"Unaomba nini?"

"Fukusi. Walio hai. Nitilie hata bakuli moja."

Twiga aliinamisha shingo yote ile mpaka macho yake yakakutana na ya Pimbi. Alimgusa paji la uso kama ana homa. Lakini fukusi alimpa, maana hakuna mnyama aliyewahi kunyimwa fukusi.

Nyumbani, Pimbi aliwakusanya watoto.

"Mganga anafanya mambo mengi kwa mara moja," aliwaambia. "Tukiyafanya yote pamoja, hatutajua lipi linalofukuza fukusi. Mimi nadhani ni jivu."

"Labda fukusi wanapenda jioni," Siwema alisema.

"Labda. Nadhani yangu na labda yako hazishibishi mtu. Tujaribu tuone."

Walitoa vibuyu. Katika kila kibuyu walitia mahindi machache na fukusi, kisha kila kibuyu kikapewa kipande chake cha uganga. Siwema alipewa kibuyu cha wimbo, akakiimbia asubuhi na jioni, kikohozi ndani yake. Mdogo wake alipewa kibuyu cha mguu mmoja, akasimama mbele yake mpaka akaanguka. Kombo alipewa kibuyu cha kutemea, na hajawahi mtoto kufurahia masomo kama Kombo. Pfu! Pfu! Alitema akiamka, alitema akila, alitema mpaka mama yake akamwambia mate si ya kumaliza. Kibuyu kimoja kilitiwa konzi ya jivu, na kingine kikatiwa jivu jingi la jikoni, limechekechwa, likazifunika punje zote.

Wakangoja.

Mwezi ulipoisha wakafungua. Kibuyu cha wimbo kilikuwa kimejaa fukusi, wanene, wamenenepea muziki. Kibuyu cha mguu mmoja, vumbi tupu. Kibuyu cha Kombo, ala! Mahindi yalikuwa yameota, yametoa majani. Kibuyu cha konzi moja ya jivu kilikuwa kimeliwa nusu. Na kibuyu cha jivu jingi? Punje nzima, zinang'aa chini ya jivu, na fukusi wamelala chali, miguu juu.

"Ni jivu! Ni jivu!" Siwema aliruka. "Mama, tukawaambie watu!"

"Bado," alisema Pimbi. "Huenda hiki kibuyu ndicho chenye bahati. Kitieni wimbo, na jivu litieni kile cha Kombo. Tuanze upya."

"Upya?" Kombo aliuliza kwa furaha. "Niteme tena?"

Walianza upya, wakangoja upya, na ikawa vilevile. Wimbo ukalisha fukusi, jivu likawaua. Hapo ndipo Pimbi alipocheka, akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu, maana alikuwa amebeba hofu muda mrefu.

"Sasa tukawaambie?" Siwema aliuliza.

"Tukiwaambia, watasema tumepiga chafya ubongoni. Mtu aliyekariri humwambii. Inabidi aone mwenyewe."

Kabla hawajamaliza kusema, sauti ikanguruma chini ya majabali.

"PIMBI!"

Alikuwa Jumbe Nyati, na nyuma yake kijiji kizima. Kando yake alisimama Mganga Kiboko, anahema, jasho linamtiririka. Kiboko hakupenda kutoka bwawani wakati wa jua, sembuse kwenda kwenye majabali.

"Shikamoo Jumbe. Shikamoo Mganga."

"Marahaba," alisema Nyati. "Vihenge vyote vimezindikwa isipokuwa chako na cha Mganga mwenyewe. Kila tukiuliza, unajibu mahindi hayajakauka. Mahindi gani hayo? Fukusi wakizaliana kwako watatuingilia sote! Leo uzindikwe, au utoke kijijini na watoto wako."

Kombo alianza kulia, waaa! Pimbi angekwenda wapi na watoto, kiangazi kile? Lakini alijifunga vizuri kanga yake ya bluu, akateremka mpaka mbele yao, akainama kwa adabu.

"Jumbe, sijakataa. Namwonea huruma Mganga wetu. Naogopa asije akaaibika."

"Niaibike?" Kiboko alikodoa macho. "Mimi? Kwa lipi?"

"Hapana, acha tu, Mganga. Ni maneno ya watu."

"Maneno gani?"

"Siwezi kuyasema mbele ya hadhara."

"Yaseme!"

"Nikisema utakasirika."

"SIKASIRIKI!" Kiboko alipiga mguu chini, majabali yakatetemeka.

Pimbi akashusha sauti, ila si sana. "Basi, wanasema, si mimi ninayesema, eti wewe huna nguvu zozote. Eti nguvu zote ni za jivu. Eti hata mtoto akitia jivu la jikoni, fukusi wanakufa bila mganga."

Kijiji kizima kilivuta pumzi, hiii!

Sasa, watoto, Kiboko hakuwa mwongo. Hilo mlishike. Mwongo anaujua ukweli, anauficha. Kiboko hakuwahi kuutafuta. Alifundishwa vile na baba yake, naye akafanya vile, jivu na wimbo na mate vyote pamoja, na hakuwahi hata siku moja kukiacha kimoja aone kitatokea nini. Kwa hiyo alikasirika kwa moyo safi kabisa.

"Jivu!" alifoka. "Jivu ni takataka! Kila jiko lina jivu! Mimi natia tu kwa sababu baba alitia! Nguvu ni za mdomo huu!" Akaupanua, waliosimama mbele wakarudi nyuma.

"Ndivyo nilivyowaambia," alisema Pimbi. "Nikawaambia, Mganga wetu akitaka, anaweza kuzindika hata bila jivu."

"Naweza!"

"Lakini usifanye hivyo, Mganga. Tafadhali. Tia japo konzi moja, kwa usalama."

"Konzi? Hata chembe sitii! Kihenge changu kimejaa jana, bado sijakizindika. Nitakizindika leo mbele ya watu wote, bila jivu!"

"Aa, Mganga, usijitie matatani! Kihenge kikubwa kile!"

"Nimesema!"

Pimbi aliinamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa. "Basi mimi mjinga nitafanya yale wanayosema watu, ili wapate aibu yao. Nitatia jivu la jikoni peke yake. Hakuna wimbo, hakuna kutema, hakuna mguu mmoja. Na nitapiga chafya nitakavyo. Fukusi wakinila, Jumbe, mimi na wanangu tutaondoka bila kufukuzwa. Lakini Mganga akishindwa?"

Kiboko alicheka, ho, ho, ho, mpaka tumbo likacheza. "Nikishindwa, sionji tena kihenge cha mtu maisha yangu!"

"Mmesikia wote," alisema Nyati. "Imepita."

Siku ile ile Kiboko alikiosha chungu chake bwawani na kuyapepeta mahindi yake yote, isibaki hata harufu ya jivu. Alikizunguka kihenge chake kinyumenyume, akatema maji kama mvua, akaimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na watoto wote wakakohoa mahali pake. Hakuna aliyepiga chafya. Na atapigaje, jivu halikuwepo!

Pimbi naye, kijiji kikimtazama, alichekecha jivu, akalichanganya na mahindi yake machache, puu, puu, mpaka kila punje ikavaa. Akapiga chafya kwa sauti. Chyaa! Watu wakaziba masikio. Kombo alikuwa bado analia. Nyati alikaa karibu, akatazama kila kitu kwa makini, kama mtu anayejiandaa kukariri.

Vihenge vyote viwili vikafungwa kwa kamba, na Jumbe mwenyewe akafunga fundo.

Miezi ikapita. Pimbi na wanawe walichimba mizizi na kula majani ya jabalini. Nisiwadanganye, Pimbi aliogopa. Alijua alichokiona kwenye vibuyu, lakini kihenge si kibuyu, na tumbo la mtoto halijui kungoja. Siku ya kufungua ilipofika, Siwema alikuwa amekwisha funga mizigo yao kwenye kitambaa, akaiweka mlangoni, asimwambie mama yake. Mama yake aliiona, akaipita.

Kijiji kizima kilikusanyika. Walianza na cha Pimbi. Nyati alikata kamba, akaingiza mkono, akatoa jivu. Akapuliza, fuuu. Ndani ya kiganja kulikuwa na mahindi. Akaligonga moja kwa jino, ka! Zima. Akachimba chini zaidi. Mazima. Akachimba mpaka chini kabisa, akatoka na jivu mpaka mabegani, na fukusi mmoja amekauka kwenye pua yake.

Alielekea kwa Kiboko, na watu wote wakamfuata.

"Simameni mbali," alisema Kiboko kwa madaha. "Nafungua mwenyewe, halafu naonja."

Akavuta kifuniko. Akaingiza kichwa kizima, mdomo wazi, tayari kuonja.

Akapapasa kwa ulimi.

Kisha ndani ya kihenge ikasikika sauti ndogo, "Eh?"

Na kisha, "CHYAAAAAA!"

Lo! Kihenge kilipasuka, fito huku, udongo kule, na vumbi la mahindi likapaa likaufunika uwanja wote. Fukusi waliwadondokea watu vichwani. Vumbi lilipotulia, Kiboko alionekana ameketi katikati, mweupe pe, maganda yamemjaa masikioni. Punje nzima hapakuwa na hata moja.

Ndipo Twiga alipoinama taratibu kutoka juu kule, akamsogelea sikioni.

"Pole, Mganga," alisema kwa upole. "Labda ulipiga chafya moyoni."

Jamani! Kijiji kilianguka. Walicheka waliokonda na walionenepa, walicheka wenye meno na wasio na meno. Kiboko alijaribu kusema, "Nimepiga sasa hivi, si siku ile!" lakini nani alimsikia? Alinyanyuka akaenda zake bwawani, tumbwi, akazama mpaka puani. Neno lake alilitimiza, hilo tumpe haki yake: hakuonja tena kihenge cha mtu. Tangu siku hiyo anakula majani.

Siwema alikimbia nyumbani kufungua mizigo. Pimbi alikaa chini pale pale alipokuwa, akaficha uso kwenye kanga, akalia kidogo. Lilikuwa lile chozi la mama aliyejua kwamba wanawe watakula jioni.

Hadithi ingeishia hapa, lakini mmemsahau Nyati.

Nyati alipanda juu ya kichuguu, akajisafisha koo.

"Wananchi! Kuanzia leo wimbo wa Kiboko umekufa! Tutafanya kama Mama Siwema! Mimi nilimwona, nimekariri kila kitu! Wote mtavaa kanga ya bluu! Mtatia jivu! Kisha mtapiga chafya, mara moja, kwa sauti! Na kila mwenye kihenge ahakikishe kuna mtoto karibu anayelia!"

"Waaa!" watoto wakaanza kujaribu.

"Vizuri! Zaidi!"

Pimbi aliruka akasimama. "Jumbe! Jumbe wangu! Kanga ile ndiyo pekee niliyo nayo! Na mtoto kulia hakuhusiani kabisa!"

"Alilia au hakulia?"

"Alilia, lakini—"

"Basi! Hapa hatuulizi kwa..."

Nyati akakwama. Macho yake yaliangukia kihenge cha Kiboko kilichopasuka. Aliyatazama yale maganda. Aliutazama mkono wake mwenyewe, uliojaa jivu mpaka begani. Neno lilikuwa limemkaa kooni, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Alikohoa, khoo, na watoto wote kwa mazoea wakakohoa, khoo!

"Kwa..." alisema Jumbe. Jasho lilimtoka. "Kwa... kwa nini mtoto alilia?"

Twiga akaanza kupiga makofi, na kijiji chote kikamfuata.

Pimbi alimgeukia mwanawe. "Kombo, Jumbe anauliza. Siku ile ulilia kwa nini?"

"Mwanzo nilimwogopa Jumbe," alisema Kombo. "Baadaye Siwema alinifinya."

Nyati alifikiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na ilimchukua muda.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "tukitia jivu, na mtoto asifinywe..."

"Itakuwaje, Jumbe?"

Nyati alifungua mdomo atoe amri. Akaufunga. Akashuka kwenye kichuguu, akaja mpaka alipo Pimbi, akainamisha zile pembe nene kwa heshima.

"Mama Siwema," alisema, "una vibuyu?"

Basi, wanangu, mimi nimemaliza, mahindi yako kwenye mafiga na jivu liko chini yake, na ninyi shikeni hili moja: ulichokikariri ni cha aliyekufundisha, na ulichokijaribu ukakiona ndicho chako.